Kiingereza cha wageni kinachogeuza maana: tuanze na kipi kwa waongozaji wapya?

Mwalimu_wa_Pasua, Moshi

Habari za kazi, wanajukwaa.

Naandaa masomo ya Kiingereza kwa vijana 14 wanaoingia kazi ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Wengi ni wapagazi wanaotaka kuwa waongozaji wasaidizi, na wamo wapishi watatu. Nina vipindi 6, kila kimoja saa 2. Sarufi ya shule wanayo, na msamiati wa njiani wanaumudu: kambi, geti, mzigo, hali ya hewa, majina ya ndege na miti.

Wanapokwama ni kwenye Kiingereza cha kila siku ambacho ukikitafsiri neno kwa neno kinakutupa upande wa pili. "The alarm went off" maana yake kengele imelia, "the lights went off" maana yake taa zimezimika. "Fill in the form" na "fill out the form" ni jambo lilelile, ingawa moja lina ndani na jingine lina nje. "Few" ni wachache mno, "a few" ni kadhaa, halafu "quite a few" ni wengi. Kijana anajua kila neno kwenye sentensi na bado anaielewa kinyume.

Orodha za mtandaoni zimejaa misemo ambayo mgeni hataitamka hata mara moja kutoka geti la Londorosi mpaka geti la Mweka. Nahitaji ile inayoleta madhara ikieleweka vibaya: kwenye afya, muda, chakula na mizigo. Naomba msaada wa mambo mawili. Tuanze na kipi? Na je, tushike Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, maana wageni wanatoka kote?

Mkongwe_Kilema

Heshima yako, Mwalimu. Anza na "yes" na "no". Kipindi cha kwanza chote kiwe hicho, usione ni kidogo.

Sisi "ndiyo" yetu hukubali kauli tuliyoisikia. Ukiulizwa "Huumwi kichwa?" na kweli huumwi, unajibu "Ndiyo, siumwi." Kiingereza hakijali swali limetungwaje, kinatazama jibu. Jibu likiwa na kukanusha ndani yake ni "no", likiwa halina ni "yes". Kwa hiyo "You don't have a headache?" mwenye afya anajibu "No", na anayeumwa anajibu "Yes". Kijana mpya akisikia "Yes" anaandika kwamba mgeni yuko salama. Hapo kosa la lugha limekuwa kosa la matibabu, tena kwenye mita 4,700.

Na usidhani ukishawafundisha kanuni hiyo umemaliza. Mjapani na Mkorea kwa lugha zao hujibu kama sisi, na wengi huhamishia mtindo huo kwenye Kiingereza chao. Mfaransa ana neno la tatu, "si", na Mjerumani ana "doch", yote mawili ya kupinga swali la kukanusha, kwa hiyo wakifika kwenye Kiingereza wanakuta neno lao halipo. Waingereza wenyewe zamani walikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali la kukanusha. Jozi ya kwanza ikafa, ndiyo maana leo jibu la neno moja kwa swali la namna hiyo huwakanganya hata wao.

Dawa ni kuacha kabisa kuuliza swali la kukanusha. "You're not cold?", "You didn't sleep?", "You haven't eaten?" yafutwe midomoni. Kijana aulize moja kwa moja, kisha adai namba:

"Do you have a headache now?"
"How bad is it: zero, one, two or three?"

Namba hizo ni za kipimo cha Lake Louise kinachotumika kwa ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kwa sababu ya kupanda juu sana. Tangu kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018 kina dalili nne: kichwa kuuma, tumbo (kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika), uchovu au udhaifu, na kizunguzungu. Kila moja inapewa 0 mpaka 3. Usingizi mbaya uliondolewa, kwa hiyo mgeni aliyelala vibaya tu haongezewi alama. Jumla ikifika 3 na kichwa kikiwemo, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na mtu huyo hapandi mpaka dalili zimwachie. Akianza kuyumba, yaani hawezi kutembea kisigino kikigusa vidole kwenye mstari ulionyooka, au amechanganyikiwa, au anahema akiwa amekaa, anashushwa hapohapo hata kama ni usiku. Tatu ni tatu kwa Mjapani na kwa Mmarekani.

Ndugu yake swali hilo ni "Do you mind". Ukisema "Do you mind if I check your oxygen?" mgeni akajibu "No" au "Not at all", amekuruhusu. Vijana wengi hapo hurudisha oksimita, kile kipimo cha oksijeni, mfukoni wakidhani wamekataliwa. Tumia "Can I check your oxygen?", ambapo "yes" ni ndiyo na hakuna la kufikiria.

La pili la afya ni "sick". Mwingereza akisema "I've been sick" ametapika. Mmarekani akisema maneno hayohayo kwa kawaida anasema alikuwa anaumwa, pengine mafua ya wiki iliyopita. Usikisie, uliza "Did you vomit? How many times?" Neno "vomit" lina maana moja popote Kiingereza kinapozungumzwa. "Under the weather", "rough", "poorly", na kwa Mwaustralia "crook", yote ni "sijisikii vizuri": ukisikia lolote kati yake, toa fomu ya Lake Louise. "Light-headed" ni kizunguzungu, msiitafsiri kichwa chepesi mkadhani amepata nafuu.

Kwenye redio kuwe na nidhamu ya maneno. "Passed out" ni amezimia. "Passed away" ni amefariki, na siku hizi wengi wanafupisha wanasema "passed" tu. Halafu "he passed us" ni ametupita njiani. Sauti ikikatika baada ya "passed", huku chini hamjui mkusanye machela au msubiri. Tumieni "fainted" au "unconscious", na mtu aliyepita njiani asemewe "he is ahead of us".

Transfa_Sakina, Arusha

Mimi nasemea saa na tarehe, kwa sababu upande wa kupokea wageni makosa karibu yote yako hapo. Ile tofauti ya saa 6 kati ya saa yetu na yao kila dereva anaijua. Mitego iko pengine.

Usiku wa manane. Ndege inatua uwanja wa Kilimanjaro (KIA) tarehe 21 saa 00:35. Mgeni anaandika "I arrive on the night of the 21st". Kwa tiketi hajakosea, lakini dereva anayesoma hivyo anakwenda usiku wa tarehe 21 kuamkia 22, na mgeni ameshasimama nje ya uwanja tangu jana yake. "Midnight on Tuesday" nayo haina mwenyewe: wengine wanamaanisha usiku Jumanne inapoanza, wengine inapoisha. Kiswahili kina kifaa ambacho Kiingereza hakina, nacho ni "usiku wa kuamkia". Karatasi ya dereva iandikwe hivi:

"Jumanne 21 Oktoba 2025, 00:35. Saa 6 na dakika 35 usiku wa kuamkia Jumanne. Gari linatoka Arusha JUMATATU saa 4 na nusu usiku."

Siku ya gari kutoka iandikwe kwa herufi kubwa kila mara, hata pale inapoonekana wazi.

"Half seven". Mwingereza anamaanisha 7:30, yaani saa 1 na nusu. Mjerumani na Mholanzi kwa lugha zao nusu hiyo ni ya kuelekea saba, yaani 6:30, na wengi wakizungumza Kiingereza wanaisema kwa mazoea ya kwao. Hiyo ni saa nzima ya tofauti kwa gari la kwenda geti. Mmarekani naye anaweza kusema "quarter of seven", ambayo ni 6:45. Jibu la kijana liwe la namna moja kwa wote, saa kwa tarakimu: kwa "half seven" aulize "Six thirty or seven thirty?" na mgeni achague.

Tarehe. 05/08 kwa Mwingereza ni tarehe 5 Agosti, kwa Mmarekani ni tarehe 8 Mei. Mwezi uandikwe kwa jina, kwenye barua pepe na kwenye ubao wa ofisi pia.

Sasa hili ndilo linalowaumiza vijana wazuri kabisa. "The flight was brought forward" maana yake imeletwa mapema. Kijana anatafsiri kichwani "imesogezwa mbele", ambayo kwetu ni imeahirishwa, inakuja baadaye. Amefasiri kila neno sawasawa akaenda upande usio wake. "Put back" na "pushed back" ndizo za kuchelewa, wakati kwetu "kurudisha nyuma" tungeisikia kama kuwahisha. Na "moved forward" hata wao kwa wao hawaelewani. Usijadili mbele na nyuma na mtu yeyote. Uliza "What is the new time?"

La mwisho kwangu ni mizigo. "All our bags didn't arrive" inaweza kuwa hakuna hata begi moja lililofika, au yamefika baadhi. Kabla ya kukodisha vifaa, uliza "How many bags are missing?"

Mpishi_Machame

Nashukuru kwamba wapishi mmewahesabu, Mwalimu.

Neno la kwanza la jikoni ni "meat". Kwetu mtu akisema hali nyama, wengi tunaelewa ng'ombe, mbuzi na nguruwe, na tunamletea kuku kwa moyo mweupe. Kwa Kiingereza kuku ni "meat". Mgeni aliyeandika "I don't eat meat" hali kuku, na ukimwekea supu ya karoti iliyochemshwa kwa mifupa umemlisha nyama. Samaki ndiyo wanatofautiana, wapo wanaokula. Maswali ya kuuliza siku ya kwanza, kabla ya kununua vitu sokoni, ni haya: "Do you eat chicken? Do you eat fish? Do you eat eggs? Do you drink milk?" Manne, kila moja peke yake, mpishi anaandika mwenyewe. Ukiunganisha "chicken or fish" utapata jibu la "yes" lisilokusaidia.

La pili ni "nuts". Mwenye mzio wa korosho na lozi anaweza kuwa anakula karanga bila shida, na mwenye mzio wa karanga anaweza kuwa anakula korosho. Kiingereza kinatenganisha "peanuts" na "tree nuts", lakini mezani mgeni husema "nuts" tu. Uliza zote mbili kwa majina: "Peanuts? Cashews? Almonds?" Kama jibu ni la mashaka, mlimani usipande na karanga kabisa, hata siagi ya karanga ya kifungua kinywa. Mwiko uliokorogea siagi hiyo ukiingia kwenye uji wa mwenye mzio, huna hospitali karibu. "I can't do dairy" na "I can't have dairy" zote zinamaanisha hali vitu vya maziwa. "Do" hapo haina kazi ya kutengeneza.

"I'm good." Umebeba sufuria, umeuliza "More soup?", mgeni kasema "I'm good" au "I'm all right". Amekataa. Asante, ametosheka. Hajasema supu ni nzuri. Kwa upande mwingine, mgeni aliyesema "I'm good" mara tatu tangu mchana hali chakula, na hilo mwongozaji anapaswa kuambiwa jioni hiyohiyo, kwa sababu kukosa hamu ya kula kumo kwenye ile fomu aliyoitaja Mkongwe. Mpishi ndiye anayeona sahani zinavyorudi.

Majina ya milo kwa kifupi: "entrée" kwa Mmarekani ni chakula kikuu, kwa Mwaustralia ni cha kuanzia. "Tea" kwa Waingereza wa kaskazini inaweza kuwa chakula cha jioni, na "dinner" ikawa cha mchana. "Pudding" kwa Mwingereza ni kitamutamu chochote cha baada ya chakula. "Jelly" kwa Mmarekani ni ya kupaka mkate. Ubaoni kwenye hema la kulia andika saa na chakula chenyewe: "6:30 pm: soup, rice, vegetables". Hakuna atakayekosea.

Vifaa_Kukodi_Moshi

Upande wa orodha ya vifaa naongeza kidogo. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi. "Vest" kwa Mwingereza ni singlendi ya ndani, kwa Mmarekani ni kizibao cha kuvaa juu. "Jumper" kwa Mwingereza ni sweta, kwa Mmarekani ni aina ya gauni. "Thongs" kwa Mwaustralia ni ndala, kwingine ni chupi, kwa hiyo akiziulizia kwa ajili ya kambini msishtuke. "Torch" kwa Mmarekani ni mwenge wa moto; andikeni "headlamp", wote wanaielewa.

Orodha zetu tumeziandika hivi: "waterproof trousers", "fleece jacket", "warm sleeveless jacket", "sandals for camp". Na kila kifaa kina picha pembeni. Picha inamaliza ubishi haraka kuliko maelezo.

Mwalimu_wa_Pasua, Moshi

Asanteni sana, nimeshajaza vipindi vitatu. Mpishi, yale maswali manne nitayabandika ukutani.

Nina jingine. Vijana wananitungia sentensi kama "You must not carry your bag", na wanapoeleza naona wanataka kusema "si lazima ubebe". Sarufi ya kitabu inasema "must" na "have to" ni sawa. Kwa nini zikikanushwa zinaachana? Nani anaweza kunieleza kwa namna ya darasani? Na lile swali la Uingereza au Marekani bado halijajibiwa.

Mtafsiri_Njiro, Arusha

Mwalimu, ngoja nianze na hilo la "must", maana ukilieleza kwa Kiswahili linakaa.

Kiswahili kinaonyesha wazi kukanusha kumeshika wapi. "Si lazima ubebe": kilichokanushwa ni ulazima, kwa hiyo uko huru. "Lazima usibebe": kilichokanushwa ni kubeba, kwa hiyo umekatazwa. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa vitenzi viwili. Katika "must not" ulazima unabaki na tendo ndilo linalokanushwa: usibebe, ni marufuku. Katika "don't have to" ulazima wenyewe ndio unaoondolewa: si lazima. Zikiwa bila kukanushwa zinaonekana mapacha kwa sababu hakuna cha kugawana. Andika ubaoni safu mbili, "si lazima" na "usi-", na kila kijana aweke sentensi kumi za kazini kwenye safu inayostahili. Mgeni akiambiwa "You must not drink this water" ajue ni hatari. Akiambiwa "You don't have to finish the food" ajue hakuna atakayekasirika. Zikibadilishana nafasi, mtu anakunywa maji ya mto yasiyochemshwa.

Jirani ya hilo kuna sentensi moja naichukia sana: "You can't drink too much water." Mwongozaji anataka kusema usinywe maji kupita kiasi. Mgeni anasikia kwamba hata unywe mengi namna gani hutazidisha, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya kawaida ya "can't... too much". Na kuzidisha kupo: maji mengi mno hupunguza ukali wa chumvi kwenye damu, na dalili zake, kichwa kuuma na kichefuchefu, zinafanana na za mwinuko kiasi cha kumpoteza mtu njia. Toa kipimo: "Three to four litres a day, small sips." Kiasi kikitajwa kwa lita hakina tafsiri mbili.

"Quite" inahitaji dakika kumi tu. Mmarekani akisema "quite good" amesifu. Mwingereza akisema hivyo amesema inaridhisha, na pengine kuna jambo hakulipenda. Lakini "quite exhausted" kwa wote wawili ni amechoka kabisa, kwa sababu uchovu wa namna hiyo hauna nusu. Kijana asipime uchovu wa mtu kwa "quite". Arudi kwenye namba za Mkongwe.

Sasa upande wa pili ambao hakuna aliyeugusa: Kiingereza chetu sisi kinavyowachanganya wao. "Pole" haina neno lake kwa Kiingereza. Mgeni akijikwaa kwenye jiwe la Barranco, kijana anasema "Sorry!" kwa huruma, na mgeni anashangaa amekosewa nini, au mbaya zaidi anadhani kijana amekiri kosa. Akisema "Pole!" kwa Kiswahili nayo inapotea, kwa sababu mgeni ameshafundishwa "pole pole" tangu getini, kwa hiyo anasikia anaambiwa apunguze mwendo. Waeleze wageni maneno hayo mawili siku ya kwanza kwenye brifingi, moja la kwenda taratibu na moja la kumhurumia mtu. Wanalipenda, na wakishalijua wanaanza kuwaambia wapagazi "pole na mzigo". Kijana mwenyewe njiani aulize "Are you hurt?"

"Short call" na "long call" ni Kiingereza cha Afrika Mashariki. Anayetoka Chicago anadhani unataka kupiga simu. Tumia "toilet". Naye akisema "bathroom" porini, hatafuti bafu, anatafuta choo. "I'm coming" unaposema huku unaondoka, kwa "nakuja" yetu, mgeni anaona umesema uongo mbele ya macho yake. Sema "I'll be right back". Na "Let me escort you", inayotoka kwenye "nikusindikize", iacheni kabisa jioni hotelini, kwa sababu "escort" kwao ina maana nyingine isiyofaa. "I'll walk with you" inatosha na ina heshima.

Kuhusu Uingereza au Marekani: usichague. Chukua kila jambo la hatari utafute neno ambalo wote wawili wanalielewa vilevile, ulifanye hilo kuwa neno la kazi. "Vomit", "faint", "toilet", "trousers", "headlamp", mwezi kwa jina, saa kwa tarakimu. Yapo, na mengi ni mafupi kuliko misemo yenyewe. Yale ya upande mmoja vijana wayajue kwa kusikia tu, wasiyatamke.

Mpishi_Machame

Mtafsiri, nikuulize. Mtungi mmoja wa gesi umeandikwa "inflammable", mwingine "flammable". Kijana wangu anasema ule wa kwanza hauwaki, kwa sababu "in" ni ya kukanusha kama kwenye "incorrect".

Mtafsiri_Njiro, Arusha

Yote miwili inawaka, tena sawasawa. "In" ya hapo inatoka Kilatini na ina maana ya ndani, kama kuingiza kwenye moto, haihusiani na kukanusha. Kwa sababu ya hatari hiyohiyo lebo za kisasa zinaandika "flammable", na isiyowaka inaandikwa "non-flammable". Wafundishe watazame lebo ya almasi nyekundu yenye mwali wa moto. Yenye mwali huo inawaka, isikae karibu na jiko ndani ya hema, na kikopo cha gesi cha namna hiyo hakiingii kwenye mizigo ya abiria wa ndege. "Invaluable" ni ya ukoo huohuo wa maneno yanayodanganya kwa umbo: maana yake ni ya thamani kubwa mno, siyo isiyo na thamani.

Mkongwe_Kilema

Mwalimu, kabla hujafunga kipindi cha sita, weka maneno ya kuamsha wageni usiku wa kilele. Vijana wakiyakosa hapo, usingizi na baridi vinawazidia wote wawili, mwamshaji na mwamshwaji.

Asiseme "I will knock you up at eleven". Kwa Waingereza wa zamani hiyo ni kugonga mlango umwamshe mtu, kwa wengine wote ni kumpa mimba. Asiseme "The alarm is off" pia, maana mgeni ataelewa saa imezimwa wakati kijana anataka kusema imelia. Na asiulize "You're not ready?"

Afike hemani saa 5 usiku, agonge kitambaa cha hema polepole kwa vidole, asimmulike mtu usoni, aseme haya na asiongeze:

"Good evening. It is eleven p.m. Here is hot tea. We start walking at twelve. Do you have a headache: zero, one, two or three?"

Kisha asubiri namba, hata ikichukua nusu dakika. Mgeni akijibu "I'm fine", arudie swali mpaka aipate.

Mwalimu_wa_Pasua, Moshi

Nimeyaandika kama yalivyo. Jumamosi tunaanza na "yes" na "no", na zoezi la kwanza ni kila kijana kugeuza maswali 20 ya kukanusha yawe ya moja kwa moja. Mkongwe, ukiwa hujapanda siku hiyo, karibu darasani uwasikilize.

Mkongwe_Kilema

Nashuka Ijumaa jioni. Nitafika.